Disketi ya Makosa ya Bosi

Mteja akiingia dukani kwangu na kusema ana kitu kidogo tu, mimi hufumba macho na kuhesabu mpaka tano. Nina miaka kumi na minne katika ufundi wa kompyuta na sijawahi kuletewa kitu kidogo. Kitu kidogo ni kompyuta iliyomwagiwa maziwa. Kitu kidogo ni yule bwana aliyesahau neno lake la siri na jina lake la kuingilia, akataka nikisie vyote viwili kwa kumtazama usoni. Kwa hiyo shangazi yangu alipoingia Jumatatu asubuhi, mkoba ameukumbatia kifuani, na kuniambia ana kitu kidogo tu, nilijua wiki yangu imekwisha kabla haijaanza.

Alitoa bahasha ya kaki. Ndani yake mlikuwa na bahasha nyingine iliyopigwa muhuri wa SIRI mbele na nyuma, na ndani ya hiyo mlikuwa na disketi. Haikuwa hata ile ndogo ngumu ambayo watu wa umri wangu tuliiwahi. Ilikuwa ile kubwa ya kale, nyeusi, nyembamba, yenye tundu katikati, ambayo ukiishika vibaya inapinda. Juu yake palibandikwa kikaratasi chenye neno moja lililopigwa taipu: MAKOSA.

Alisema anataka kuisoma kabla ya Jumamosi. Kisha akavuta kiti, akakaa, akaweka mkoba mapajani, kama vile Jumamosi ingefika baada ya dakika kumi.

Inafaa nieleze kidogo kuhusu shangazi, maana asiyemjua atadhani natia chumvi. Ni dada yake baba, na kwa miaka kumi na moja alikuwa karani wa taipu katika ofisi ya mizani na vipimo, ile inayokagua kama kilo ya sokoni ni kilo kweli. Hakuolewa. Si kwamba hakuposwa. Waliomposa walileta barua zenye makosa ya tahajia, naye akawarudishia zikiwa zimesahihishwa kwa wino mwekundu. Bosi wake naye hakuoa. Kila alipoulizwa alisema suala hilo limeahirishwa hadi robo mwaka ijayo. Sasa wote wawili ni wastaafu, wanakaa mitaa mitatu mbali, wakikutana barabarani wanasalimiana kwa vyeo. Sisi watoto wa ukoo tulikua tukimwita Bosi, na mpaka leo sina hakika kama ana jina jingine.

Siku tisa kabla ya Jumatatu hiyo, Bosi alimtumia shangazi barua kwa njia ya posta. Mitaa mitatu, kwa posta. Ilikuwa na namba ya kumbukumbu, na kichwa cha habari kilichopigiwa mstari: KUHUSU OMBI LA NDOA. Ilikuwa na aya tatu zenye namba. Nakala ilipelekwa kwa baba yangu, kaka mkubwa wa mwombwaji. Aya ya tatu ilisema majibu yanatarajiwa ndani ya siku kumi na nne ili kuwezesha hatua zinazofuata.

Shangazi aliisoma, akasahihisha nukta moja, kisha akajibu siku hiyo hiyo kwamba barua imepokelewa na inashughulikiwa.

Baba alitaka akubali. Mama alitaka akubali haraka. Mimi sikuulizwa, lakini kama ningeulizwa ningesema mtu anayeandika barua ya mapenzi yenye aya zenye namba apewe angalau nafasi ya kukata rufaa. Shangazi peke yake ndiye aliyekuwa njia panda, na sababu ya kuwa njia panda ilikuwa hiyo disketi.

Kwa miaka yote kumi na moja, alinieleza, kila Ijumaa saa kumi na nusu alikuwa akikaa kwenye kompyuta ya ofisi na kuandika makosa ambayo Bosi alimfanyia wiki hiyo. Bosi hakuwa mtu wa kuambiwa, na yeye hakuwa mtu wa kusema. Aliandika, akahifadhi, akazima mashine, akaenda nyumbani roho yake nyeupe. Hakuwahi kurudi kuyasoma. Lakini yapo, yote, wiki kwa wiki, na hawezi kumjibu mtu ombi zito namna ile bila kupitia jalada lake.

Nilimuuliza kwani hayakumbuki. Akajaribu. Alikumbuka kwamba Bosi alikuwa akichukua rula yake na kujikunia mgongo. Alikumbuka barua moja iliyorudishwa mara kumi na nne kwa sababu ya koma, na mara ya kumi na tano koma ikarudi pale pale ilipokuwa mwanzo. Alikumbuka pia jambo fulani kuhusu dirisha, ila alisahau kama alilifungua au alilifunga. Baada ya hapo hakupata jingine, na kwa mara ya kwanza nilimwona shangazi akiwa na hofu.

"Mwanangu, uzee unafuta," alisema. "Nisije nikakubali kwa sababu tu nimesahau kwa nini nilikasirika."

Hapo hasira yangu iliniishia. Nikaichukua disketi.

Mbinu nazo ziliniishia, na mapema. Kompyuta za siku hizi hazina hata tundu la kutia sidii, sembuse disketi. Dukani nilikuwa na kisomeo kimoja cha disketi cha kuchomeka kwa waya, lakini ni cha zile ndogo. Ya shangazi ukiiweka kando yake ni kama shuka na leso. Alipendekeza tuikunje. Nilimwomba asiseme tena neno hilo mbele ya disketi. Nikawapigia mafundi wenzangu sita. Wanne walicheka. Wa tano aliuliza disketi ni nini, na huyo ana duka kubwa kuliko langu. Wa sita, mzee wa kazi, alinieleza kwamba hata nikipata mlango wa kuisoma, mashine mpya haina pa kuuunga. Nitafute mashine ya zamani nzima nzima, iliyo hai, na akanitakia heri kwa sauti ya mtu anayetoa rambirambi.

Siku ya Alhamisi, shangazi akiwa kwenye kiti kile kile kwa siku ya nne, alisema kwa sauti ndogo kwamba mashine ipo.

Nilimuuliza ipo wapi.

Akaanza kukagua kifungo cha mkoba wake. Ofisi ilipobadilisha vifaa, alisema, ile kompyuta yao ilitangazwa kuuzwa kama chuma chakavu, na kuna mtu aliinunua. Mtu huyo anaifuta vumbi kila Jumapili. Ameiwekea kitambaa cha kufuma, na juu ya kitambaa ameweka chombo cha maua. Iko sebuleni kwake.

Nilihesabu mpaka tano, nikaendelea mpaka kumi. Siku nne amekaa dukani kwangu akiwatazama wateja wangu kama wezi, na siku zote hizo anajua mashine iko kwa Bosi. Alijitetea kwamba kesi ya nyani haipelekwi kwa ngedere, na hii ni mbaya zaidi, hii ni kumwomba nyani mwenyewe atuazime mahakama. Nikamjibu kwamba mficha uchi hazai. Akasema katika umri wake hana mpango wa kuzaa. Nikachukua simu na kumpigia Bosi mbele yake, na nilipomweleza kwamba tunahitaji kusoma disketi ya zamani ya ofisi, alikubali kabla sijamaliza. Alisema kikao kitakuwa kesho, Ijumaa, saa nne kamili.

Tulifika saa nne kasoro dakika mbili, na shangazi akanilazimisha nisimame nje ya mlango dakika hizo mbili ziishe. Bosi alitufungulia akiwa na tai. Sebuleni kwake viti vitatu vilikuwa vimepangwa mstari mmoja kuelekea mashine, kitambaa kimekunjwa, maua yamehamishiwa dirishani. Palikuwa na jagi la maji lililofunikwa sahani, na kwenye kila kiti karatasi yenye ajenda kwa mwandiko wa mkono: kufungua kikao, kuwasha mashine, kusoma disketi, mengineyo. Shangazi aliichukua yake, akaisoma, akatafuta kalamu mkobani, kisha akajizuia. Nilielewa kwamba jambo hili amelichukua kwa uzito mkubwa.

Mashine yenyewe ilikuwa na rangi ya meno ya mvutaji sigara na ukubwa wa sanduku la safari. Nilipoiwasha ilikohoa, ikanguruma, ikatoa harufu ya vumbi lililoungua, halafu ikaleta maandishi ya kijani. Betri yake ya ndani ilikufa zamani, kwa hiyo ilikuwa imesahau kila kitu. Ilidai leo ni tarehe mosi Januari mwaka elfu moja mia tisa na themanini. Shangazi alisema kama ni hivyo bado hajaajiriwa na hana sababu ya kuwa hapa. Ilikuwa imesahau hata kwamba ina mlango wa disketi, ikabidi niiambie, kama unavyomkumbusha mgonjwa kwamba ana mguu. Kisha nikafungua mlango huo, nikasafisha kichwa cha kusomea kwa pamba na spiriti. Disketi nayo ilikuwa na madoa meupe ya ukungu. Nikawa naigeuza taratibu kwa kidole kupitia tundu la katikati, huku nikiipangusa pale kwenye dirisha lake dogo, kipande kwa kipande, na wazee wawili wakiniinamia begani kila upande wakipumua.

Wakati nikipangusa ndipo Bosi aliposoma kile kikaratasi. Aliinama akakisoma tena. Halafu aliuliza, kwa upole sana, kama hayo ni yale ya Ijumaa.

Shangazi alikauka. Alimjibu kwamba hizo ni kumbukumbu za kawaida za ofisi.

"Karani," alisema Bosi, "ofisi nzima tulikuwa tunajua. Siku nyingine ulikuwa unapiga taipu. Ijumaa saa kumi na nusu ulikuwa unapiga mtu."

Akatueleza kwamba kwa miaka kumi na moja alikuwa akikaa upande wa pili wa ukuta akisikiliza, akihesabu mapigo, akijaribu kukisia alichokosea. Wiki zenye mapigo mengi alikuwa anakuja Jumatatu na tabia mpya. Kuna mwaka aliacha kupiga mluzi, na hakujua kama mluzi umo. Sasa ameandika ombi lake, na hawezi kulala, kwa sababu anajua kuna jalada na hajui lina nini. Ndiyo maana hakuitupa mashine. Alijua ipo siku shangazi atataka kuyasoma, na akaona ni haki yeye mwenyewe awepo siku hiyo.

Shangazi alimtazama kwa jicho la pembe. Nami nilikuwa nimeshika pamba, nikaona bora niendelee kuitumia.

Niliitia disketi, nikafunga kilango. Mashine ikaguna, ikakwaruza, ikatulia, ikakwaruza tena. Nilikwisha kuandaa maneno ya pole. Kisha ikaleta orodha ya yaliyomo, na orodha ilikuwa na mstari mmoja tu. Faili moja, jina lake MAKOSA, la Ijumaa moja ya miaka thelathini iliyopita, na ukubwa wake herufi mia mbili na kidogo. Mteja wangu wa maziwa aliniandikia ujumbe mrefu kuliko huo kuniambia kwamba amechelewa.

Shangazi aliuliza mengine yako wapi. Nilimwomba anieleze hasa alivyokuwa akihifadhi, hatua kwa hatua, na akanieleza kwa fahari. Jalada moja la jambo moja huwa na jina moja; hiyo ndiyo kanuni ya masijala, na aliyeivunja alipoteza nyaraka. Kwa hiyo kila Ijumaa alifungua ukurasa mpya mweupe, akaandika, na akahifadhi kwenye disketi kwa jina lile lile, MAKOSA, ili yakae pamoja.

Nilimuuliza kama mashine haikuwahi kumuuliza swali wakati huo.

Iliuliza, alisema, kila wiki, kwa Kiingereza. Lakini mwalimu aliyewafundisha kompyuta aliwaambia ikiuliza chochote mbonyeze ndiyo, msibishane nayo, ina gharama. Akabonyeza ndiyo.

Nilieleza polepole, kwa maneno niliyodhani ni ya huruma. Swali lile lilikuwa kwamba faili la jina hili lipo tayari, je, tulifute tuweke hili jipya? Naye alikubali. Akakubali Ijumaa iliyofuata, na iliyofuata, zaidi ya mara mia tano. Kila wiki aliyaandika makosa ya Bosi, na kila wiki, kabla hajazima mashine, aliyafuta ya wiki iliyopita kwa mkono wake mwenyewe.

Bosi alikohoa. Nadhani alikuwa anazuia kitu, na kama ni kicheko alifanya vyema kukizuia, kwa sababu shangazi alikuwa amesimama.

Sijawahi kumwona mtu amekasirika vile bila kuwa na wa kumkasirikia. Alimlaumu mwalimu. Akailaumu mashine, akaiambia iliona inachofanya ikakaa kimya. Miaka kumi na moja alibeba kinyongo akijua kimewekwa mahali salama, na kumbe anarudi nyumbani na bahasha tupu. Sasa atajibu nini? Kwa ushahidi gani? Aligeuka akaniuliza, karibu machozi yamtoke, kama hakuna namna.

Namna ipo, nilimwambia. Kilichofutwa mara nyingine huacha mabaki chini. Naweza kufukua, kipande hapa, nusu sentensi pale. Lakini ni kazi ya wiki mbili, na jibu linatakiwa kesho.

Bosi alisema yuko tayari kuongeza muda. Alisema pia kwamba angependa lililopo lisomwe kwanza, kwa kuwa ndilo lililo mbele ya kikao, na kama ni baya basi alijue likiwa bado moja. Mkono wake ulikuwa juu ya mgongo wa kiti. Alikuwa amevaa tai kwa ajili ya hili. Nilimwonea huruma kwa kweli, nikaomba kimoyomoyo liwe ni la rula.

Programu ya kuandikia haikuwemo tena kwenye mashine, kwa hiyo niliiamuru itapike kila kilichomo kama kilivyo. Kwanza zilikuja takataka, vinyota na alama za kucheka na mabano, na shangazi akadai kwa ukali kwamba hizo si zake. Kisha yakafuata maneno. Shangazi aliusukuma mkono wangu, akashika kioo cha mashine kwa mikono miwili na kukigeuzia kwake, tusione.

Alisoma. Ni mistari michache, lakini aliisoma kama mtu anayehakiki mkataba, kidole kikifuata kila neno, kikafika mwisho, kikarudi juu, kikaanza tena. Hasira ilikuwa bado iko usoni mwake alipoanza mara ya pili. Alipomaliza mara ya tatu haikuwepo, na sikujua imeondokea wapi.

Bosi alingoja. Alikuwa mtu wa kungoja, lakini hatimaye yakamshinda.

"Inasemaje?"

"Inasema wiki hiyo ulikuwa likizo," alijibu shangazi. "Ulikwenda kwenu."

Bosi alipiga hesabu. Nilimwona akizipanga Ijumaa zake zote kichwani, na uso wake ukaanza kufunguka kwa matumaini. "Basi hakuna kosa."

"Limo moja."

"Lipi, na mimi sikuwepo?"

Shangazi alikiachia kioo. Alivua miwani, akaifuta kwa upindo wa shati lake, akaivaa, akamtazama vizuri.

"Ndilo hilo, Bosi."